Anuwai ya Mimea katika Malisho ya Miinuko Tofauti: Namna ya Kuusoma Mteremko wa Mlali, Wilaya ya Kongwa

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna anuwai ya mimea inavyobadilika katika nyanda za malisho kadiri ardhi inavyoinuka, kwa kurejelea Mlali na miteremko ya Milima ya Ukaguru katika Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Hoja kuu ni kwamba mwinuko wenyewe si kisababishi, bali ni jina la mkusanyiko wa visababishi: maji, joto, udongo, moto, jembe na kwato. Mtafiti anayelinganisha idadi ya spishi za chini na za juu bila kutenganisha visababishi hivi anaweza kuipa asili sifa au lawama inayostahili kwenda kwenye kalenda ya uchungaji. Makala inatumia nadharia za ikolojia ya malisho, majaribio ya mmomonyoko ya Mpwapwa ya miaka ya 1930 na uzoefu wa Kondoa kuanzia mwaka 1973, kisha inapendekeza utaratibu wa kimbinu unaoweza kusaidia mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji.

1.0 Utangulizi

Mlali ni kata iliyo upande wa mashariki wa Wilaya ya Kongwa, mahali ambapo uwanda mkavu wa kati wa Tanzania unakutana na miguu ya Milima ya Ukaguru. Wagogo na Wakaguru wanaishi huko kwa kulima na kufuga, na jamii za wafugaji wa Kimaasai nazo huchunga katika wilaya hiyo. Mtu anayesimama bondeni na kutazama mlimani huona kwa macho yake kwamba mimea inabadilika: migunga na mibuyu inaachia nafasi miti ya miombo, na nyasi fupi za uwandani zinaachia nafasi nyasi ndefu za miteremko. Mabadiliko hayo hayana ubishi. Kinachobishaniwa ni sababu yake.

Suala hili lina uzito nje ya darasa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, zinaviwezesha vijiji kutenga maeneo ya kilimo, makazi, hifadhi na malisho. Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, Na. 13 ya mwaka 2010, nayo inahusu ulinzi na usimamizi wa malisho hayo. Mstari unaochorwa kwenye ramani ya kijiji humwondoa mtu fulani mahali fulani. Ikiwa mstari huo umechorwa kwa kuamini kwamba “mlimani kuna mimea mingi, kwa hiyo pafungwe”, au kwamba “uwandani pamekwisha kuharibika, kwa hiyo pachungwe”, basi usahihi wa dai la kiikolojia unageuka kuwa suala la haki.

2.0 Mahali na Hali Yake

Sehemu kubwa ya uwanda wa Kongwa iko katika mwinuko wa takribani mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Milima ya Ukaguru, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inapanda hadi zaidi ya mita 2,200. Wilaya iko upande wa milima usioelekea pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi. Pepo hizo hushusha mvua nyingi mashariki ya milima na kufika uwandani zikiwa zimepungukiwa. Mvua za Kongwa hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na vijiji vilivyo karibu na milima hupata mvua nyingi kuliko uwanda wa kaskazini. Kiangazi kinachofuata ni kirefu.

Kongwa imekwisha kutoa funzo juu ya hatari ya kuisoma ardhi kwa kutazama ukijani wake tu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga. Mvua zisizotabirika, na udongo unaokauka na kuwa mgumu kiasi cha kukwamisha uvunaji, vilichangia kuuangusha, na mwaka 1951 ulikuwa umeachwa. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo iligeuzwa kuwa ya ufugaji, na hadi leo Kongwa inajulikana kwa ranchi yake na kwa utafiti wa malisho. Waanzilishi wa mradi waliuona uoto, lakini hawakuuliza vya kutosha ni nini kilichokuwa kikiuweka pale. Swali hilohilo ndilo linalopaswa kuulizwa leo kuhusu mteremko.

Kwa jumla, katika nyanda za kati za Tanzania, uwanda wa chini hubeba migunga (Vachellia tortilis na jamaa zake), mibuyu, mikwaju na vichaka vya Commiphora. Nyasi zake ni kama Cenchrus ciliaris na jamii za Urochloa. Palipokanyagwa sana huonekana Aristida adscensionis na Chloris virgata, ambazo huishi msimu mmoja. Vilima vya mawe na miteremko hubeba miombo na jamii za Combretum, pamoja na nyasi za kudumu kama Heteropogon contortus na Themeda triandra. Juu zaidi, chini ya mpaka wa misitu ya milimani, hutokea nyasi ndefu za Hyparrhenia pamoja na Loudetia simplex na, katika sehemu za baridi, Exotheca abyssinica.

3.0 Mwinuko Unabeba Nini?

Kwa kawaida joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda. Kutoka uwanda wa Kongwa hadi kilele cha Ukaguru, tofauti hiyo inafika nyuzi 7 hivi. Ni rahisi kudhani kwamba tofauti hii ndiyo inayoamua nyasi zipi ziote wapi. Hata hivyo, utafiti wa Tieszen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1979 kuhusu nyasi za Kenya, ulionyesha kwamba nyasi zenye usanisinuru wa njia ya C4, yaani nyasi za joto, hutawala karibu kabisa chini ya mita 2,000. Nyasi za njia ya C3, yaani nyasi za baridi, hutawala juu ya mita 3,000, na mabadiliko makubwa hutokea kati ya miinuko hiyo miwili. Malisho ya mteremko wa Mlali yako chini ya ukanda huo wa mabadiliko. Kwa hiyo tunapoona nyasi zikibadilika kutoka bondeni hadi mteremkoni, baridi peke yake haitoshi kuwa maelezo. Inatubidi tutazame maji, udongo na matumizi.

Nadharia ya jumla kuhusu mwinuko nayo inahitaji tahadhari. Rahbek, katika mapitio yake ya mwaka 1995, alionyesha kwamba dhana ya idadi ya spishi kupungua moja kwa moja kadiri tunavyopanda si kanuni ya ulimwengu mzima. Mara nyingi mchoro huwa na umbo la nundu: spishi huongezeka kuelekea mwinuko wa kati, kisha hupungua. Nundu hiyo inaweza kusababishwa na unyevu wa kutosha pasipo baridi kali, na kukutana kwa mimea ya chini na ya juu katika ukanda mmoja. Vilevile inaweza kutokana na ukubwa wa eneo tu, kwani ukanda mpana hubeba spishi nyingi kuliko ukanda mwembamba hata kama mazingira yake si bora.

Katika mteremko kama wa Mlali, kuna sababu ya nne ambayo haitokani na asili: mpaka wa shamba. Ukanda wa kati huwa na mawe na mwinamo mkali, hivyo jembe halipandi kwa urahisi. Spishi zilizolimwa na kuondolewa uwandani zinaweza kubaki hapo kwa sababu ya mawe. Nundu inayoonekana kwenye grafu inaweza basi kuwa alama ya jembe, si ya tabianchi.

4.0 Tunahesabu Nini Tunaposema “Anuwai”?

Neno anuwai hutumiwa mara nyingi kana kwamba lina kipimo kimoja. Whittaker alikwisha kutofautisha anuwai ya ndani ya kipande kimoja (alfa), tofauti ya spishi kati ya kipande na kipande (beta), na jumla ya eneo zima (gama). Mteremko unaweza kuwa na alfa ndogo katika kila kipande lakini ukawa na beta kubwa, kwa sababu kila ukanda una mimea yake. Katika hali hiyo, kupoteza ukanda mmoja ni kupoteza spishi zisizopatikana kwingine, hata kama ukanda huo ulionekana maskini ulipopimwa peke yake.

Mfano wa kubuni unaweza kufafanua tofauti kati ya idadi na uwiano. Tuchukue vipande viwili, kila kimoja kikiwa na spishi 10. Katika cha kwanza, kila spishi inafunika asilimia 10 ya uoto. Katika cha pili, spishi moja inafunika asilimia 91, na tisa zilizobaki asilimia 1 kila moja. Kwa kuhesabu majina, vipande hivi ni sawa. Kwa fahirisi ya Shannon, cha kwanza kinapata 2.30 na cha pili 0.50. Tukizigeuza fahirisi hizo kuwa idadi ya spishi zenye uzito sawa, cha kwanza kina spishi 10 na cha pili kina 1.6 hivi. Ng’ombe anayechungwa katika kipande cha pili anachungwa, kwa hakika, katika nyasi ya aina moja.

Hata fahirisi haitoshi bila majina. Dyksterhuis, mwaka 1949, aliigawa mimea ya malisho katika makundi matatu: inayopungua uchungaji unapozidi, inayoongezeka, na inayovamia. Themeda triandra hutajwa mara nyingi katika kundi la kwanza. Kipande kinaweza kupoteza nyasi tano za kudumu na kupata magugu matano ya msimu mmoja, na hesabu ya spishi isisogee hata kidogo. Mtafiti atakayeripoti hesabu peke yake atasema hakuna kilichobadilika, ilhali mfugaji ameshapoteza malisho ya kiangazi.

5.0 Kwato, Kalenda na Moto

Milchunas, Sala na Lauenroth walipendekeza mwaka 1988 kwamba athari ya uchungaji kwa anuwai inategemea mambo mawili: unyevu wa mahali na muda ambao mimea imezoeana na walaji wake. Katika nyanda kavu zenye historia ndefu ya kuliwa na wanyama, mimea mingi ni mifupi na imezoea ukame na kung’atwa kwa pamoja; uchungaji wa wastani huibadilisha kidogo. Katika nyanda zenye unyevu zaidi, nyasi ndefu hushindania mwanga na kuzifunika zile fupi. Huko, uchungaji wa wastani unaweza kuongeza idadi ya spishi kwa kufungua nafasi, na kuondoa mifugo kabisa kunaweza kuipunguza.

Tukiihamishia hoja hii Mlali, tunapata utabiri unaoweza kupimwa: uchungaji uleule hautakuwa na athari ileile bondeni na mteremkoni. Ellis na Swift, wakiandika mwaka huohuo kuhusu Waturkana wa Kenya, waliongeza kwamba mahali ambapo mvua hubadilika sana mwaka hadi mwaka, ukame huongoza uoto kuliko idadi ya mifugo. Kwa hiyo uwandani mtafiti atarajie kuona mwaka wa mvua ukizungumza kwa sauti kubwa. Mlimani atarajie kusikia zaidi sauti ya matumizi.

Hata hivyo, wingi wa mifugo si kila kitu. Majira nayo yana uzito. Katika maeneo ya wakulima-wafugaji, wakati wa mvua mashamba ya uwandani huwa na mazao, na mchungaji hawezi kupitisha ng’ombe humo bila kugombana na jirani. Mifugo husukumwa kwenye vilima na mapori. Baada ya mavuno, hurudi uwandani kula mabua. Maana yake ni kwamba mteremko hulishwa katika miezi ileile ambayo nyasi za kudumu zinachipua, zinatoa maua na kukomaza mbegu. Mfumo huu, ukirudiwa kila mwaka, unaweza kuzimaliza nyasi bora za mteremko hata kama jumla ya mifugo si kubwa. Mtafiti anayepima Agosti atakuta mteremko mtupu wa mifugo na kuandika kwamba “hauchungwi”. Atakuwa amekosea kwa miezi sita.

Moto ni kisababishi kingine. Nyasi ndefu za miteremko hukauka na kubeba moto ambao nyasi fupi za uwandani zilizokwisha kuliwa haziwezi kuubeba. Kwenye Mlima Kilimanjaro, Hemp alionyesha mwaka 2005 kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu. Somo kwa miteremko mingine ni kwamba mpaka wa uoto unaoonekana wa kale unaweza kuwa kazi ya kiberiti.

6.0 Funzo la Mpwapwa na Kondoa

Kituo cha mifugo cha Mpwapwa, wilaya jirani na Kongwa, kilikuwa mahali pa majaribio ya kwanza ya kupima mtiririko wa maji juu ya ardhi katika Tanganyika. Vipimo vya miaka ya 1930 vinavyohusishwa na R. R. Staples, ambavyo baadaye vilirejelewa na Rapp na wenzake mwaka 1972, vililinganisha vipande vinne. Katika kichaka kisicholishwa, asilimia 0.4 tu ya mvua ilitiririka. Katika nyasi, ilikuwa asilimia 1.9. Katika shamba la nafaka, asilimia 26. Katika ardhi tupu, asilimia 50.4, yaani nusu ya mvua yote.

Takwimu hizi zinahusu kufunikwa kwa ardhi, si idadi ya spishi. Na hapo ndipo lawama ya haraka huzuka: kama nyasi yoyote inazuia maji, anuwai ina faida gani? Jibu liko katika kalenda. Mvua za kwanza za Novemba na Desemba huikuta ardhi mwishoni mwa kiangazi. Nyasi za msimu mmoja wakati huo ni mbegu tu, na ardhi yake ni tupu. Nyasi za kudumu bado zina vishina na mizizi inayoshika udongo. Malisho yenye mchanganyiko wa nyasi za kudumu, mikunde, miti na vichaka huwa na kitu cha kuipokea mvua katika kila mwezi. Hivyo kupotea kwa spishi chache za kudumu kunaweza kukihamisha kipande kutoka asilimia 1.9 kukielekeza kwenye asilimia 50, na maji hayo huteremka hadi kwenye mashamba ya walio chini. Mkulima wa bondeni na mfugaji wa mteremkoni wanaunganishwa na kishina cha nyasi.

Funzo la pili linatoka Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa Irangi lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Uoto ulirudi kwa kiwango kilichowashangaza wengi. Backéus, Rulangaranga na Skoglund waliyachunguza mabadiliko hayo ya miteremko katika makala yao ya mwaka 1994. Lakini kaya zilizokuwa na mifugo zilibeba gharama ya kuihamisha, na ufugaji uliporuhusiwa tena, miaka kumi hivi baadaye, ulikuwa wa ndani ya zizi. Kondoa inathibitisha kwamba kuondoa kwato hurudisha uoto katika ardhi iliyomomonyoka sana. Haithibitishi kwamba kila mteremko unahitaji dawa hiyo, wala kwamba ndiyo dawa pekee.

Kati ya kufunga kabisa na kuachia kabisa kuna utaratibu wa kupumzisha. Wasukuma huuita ngitili, Wamaasai huuita alalili: eneo huachwa wakati wa mvua ili lilishwe kiangazi. Utaratibu huu unagusa hasa jambo lililotajwa katika sehemu ya 5.0, yaani majira ya kulisha, bila kumnyima mfugaji ardhi yake.

7.0 Mapendekezo ya Kimbinu

Kutokana na ufafanuzi huu, utafiti wa anuwai ya mimea katika mteremko kama wa Mlali unapaswa kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, mwinuko utenganishwe na matumizi. Katika kila ukanda wa mwinuko vichaguliwe vipande vilivyochungwa sana, kidogo na vilivyopumzishwa. Bila mpangilio huo, hakuna hesabu ya takwimu inayoweza kuvitenganisha baadaye.

Pili, mteremko mmoja ni sampuli moja. Hurlbert alionya mwaka 1984 dhidi ya kuhesabu vipande vingi vya mahali pamoja kana kwamba ni marudio huru. Vipande 60 katika mteremko mmoja haviwi milima 60. Pale inapowezekana, mteremko wa Mlali ulinganishwe na mingine, kwa mfano ya Kiboriani juu ya mji wa Mpwapwa.

Tatu, vipimo vifanyike zaidi ya mara moja: katika kilele cha mvua, wakati nyasi za msimu mmoja zinapotambulika, na mwishoni mwa kiangazi, wakati kinachobaki ndicho kinachoshika udongo.

Nne, majina yathibitishwe. Jina moja la Kigogo au la Kikaguru linaweza kubeba spishi kadhaa, na spishi moja ikawa na majina mawili ng’ambo mbili za mto. Majina ya wenyeji yaandikwe yote, kwa kuwa yanabeba maarifa ya matumizi, lakini kila jina liambatane na sampuli iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika hebariamu. Kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, kilichokamilika mwaka 2012 baada ya miaka 60 ya uchapishaji, kinatoa ufunguo wa utambuzi huo.

Tano, matokeo yaripotiwe kwa spishi na kwa makundi ya kudumu na ya msimu, pamoja na historia ya moto, kilimo na kalenda ya uchungaji kama inavyosimuliwa na wachungaji wenyewe.

8.0 Hitimisho

Nyasi za Dodoma zimewahi kuthaminiwa mbali. Aina ya Cenchrus ciliaris iitwayo Biloela, inayopandwa Queensland nchini Australia, chimbuko lake ni mbegu zilizotoka Dodoma katika miaka ya 1930. Kilicho kawaida machoni pa mchungaji wa Kongwa kilikuwa hazina kwa nchi nyingine, na bado ni hazina hapa.

Makala hii imeonyesha kwamba tofauti ya mimea kati ya bonde na mlima si urithi wa asili peke yake. Ndani yake kuna mvua, mawe, moto na jembe, na kuna mwezi ambao mchungaji alilazimika kupandisha mifugo kwa sababu bondeni kulikuwa na mtama wa jirani. Kabla kijiji hakijafunga mlima au kuuacha wazi, kinastahili kujua ni kipi kati ya hivyo kilichoufanya uwe ulivyo. Mtafiti atakayelijibu swali hilo kwa uangalifu atakuwa amewapa wakulima na wafugaji wa Mlali msingi wa kukubaliana mpaka, na pengine sababu ya kugawana miezi ya mwaka badala ya kugombania ardhi.